Sakafu Aliyotamani Kuilalia

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Myeong-ok alivuka maru kwa soksi, na kila asubuhi soksi zilinasa. Maru ilikuwa ukumbi wa mbao katikati ya nyumba, baina ya chumba chake na chumba cha mama yake, wazi upande wa ua. Hapo ndipo walipokula, walipochambua mboga, walipopokea wageni na kulala mchana wakati wa joto. Sasa hakuna aliyekaa hapo. Vanishi ilikuwa imebanduka vipande vipande. Ilipobaki, ilinata. Ilipotoka, mbao zilichoma kwa vibanzi. Maji ya mvua yalikuwa yameingia chini ya vanishi na kukosa pa kutokea, na mbao za ukingoni zimekuwa nyeusi.

Vanishi ile aliileta Myeong-ok mwenyewe. Miaka yote mama yake, Bi Mal-sun, alipiga magoti kila mvua za majira ya joto zilipokwisha, akaisugua maru kwa mfuko wa soya zilizopondwa na mafuta. Alipotimiza miaka sabini, magoti yakagoma. Myeong-ok akasema basi, mateso yamekwisha. Akanunua vanishi ya kung'aa, akaipaka mara tatu, na maru ikameremeta. Bi Mal-sun aliwaita majirani waje waone. Aliwaambia binti yake anampenda. Kisha akatandika jamvi juu yake, na tangu siku hiyo hakulala tena kwenye mbao tupu.

Myeong-ok hakuuliza kuhusu jamvi. Alidhani ni uzee tu, mifupa inataka kitu laini.

Mwaka huu mvua zilianza Bi Mal-sun akiwa hospitali mjini. Ini lilikuwa na saratani. Daktari alimwita Myeong-ok pembeni, akamwambia kwa upole kwamba dawa zimefika mwisho, na sasa kazi yao ni kumpunguzia maumivu. Myeong-ok aliitikia kwa kichwa. Alitoka hapo akaenda kuosha uso, maana hakutaka mama yake amwone analia.

Jioni ile alimlisha uji wa wali. Bi Mal-sun alimeza vijiko vichache, akageuza uso dirishani.

"Huko kwetu mvua imekatika?"

"Bado, Mama."

"Ikikatika nataka nije nilale kwenye maru. Mchana mmoja tu, unatosha."

"Nitakutandikia godoro zuri."

"Godoro ninalo hapa, mwanangu. Nataka mbao. Mgongo wangu unawaka."

Kisha akasema harakaharaka kwamba hata jamvi lingefaa, na kwamba Myeong-ok asijisumbue, kazi ya jikoni shuleni inamchosha. Bi Mal-sun alikuwa hivyo maisha yake yote. Akikuomba kitu, huomba na msamaha papo hapo.

Ndani ya basi la kurudi kijijini, Myeong-ok alilia mpaka kituo cha mwisho. Aliposhuka, alikuwa ameshaamua. Mama yake atalala kwenye mbao, na mbao zitakuwa safi.

Mdogo wake, Seong-do, alifanya kazi kwenye kiwanda cha meli, mbali, upande wa pili wa nchi. Alipopigiwa simu aliuliza dada yake ana wazimu gani. Mama anakufa, na yeye anafikiria sakafu? Kisha akajuta, akasema basi atakodi mashine ya kusugulia, asubuhi moja kazi imekwisha. Myeong-ok alimjibu kwamba mashine ingoje kwanza. Shule zilikuwa zimefungwa, na mikono anayo.

Siku iliyofuata alinunua msasa mkali kuliko wote dukani. Alipiga magoti katikati ya maru, akaanza kusugua kwa nguvu, akizungusha mkono. Vumbi la vanishi lilimwingia puani. Msasa ulijaa gundi na kuwa laini upesi, akachukua mwingine. Kufika saa sita, alikuwa amefanya sehemu ndogo tu, nayo imejaa mikwaruzo ya duara.

"Wewe unasugua maru au unakwangua sufuria la wali?"

Alikuwa Mama Dong-sik, jirani wa ng'ambo ya ukuta, amesimama uani na kikapu cha pilipili. Mama huyu alikuwa mjane wa fundi seremala. Ujana wake wote alizunguka na mumewe wakikarabati nyumba za zamani. Mume alipiga randa, mke akapaka mafuta. Mdomo wake haukuwa na kufuli, lakini moyo wake ulikuwa mweupe.

Myeong-ok alimweleza mambo yote: hospitali, daktari, maneno ya mama yake. Mama Dong-sik aliweka kikapu chini. Hakutania tena. Alivua viatu, akapanda kwenye maru, akapitisha kiganja juu ya mbao.

"Dada Mal-sun alikwambia kwa nini alitandika jamvi?"

"Hapana."

"Alikuwa ananata. Vanishi ikipata joto na jasho inashika ngozi. Aliniambia kila akiamka anabanduka kama mkate wa wali kwenye sahani. Akanikataza nisikwambie. Alisema umetumia mshahara wako, utahuzunika."

Myeong-ok aliinama akaangalia magoti yake. Miaka yote hiyo zawadi yake ilikuwa mzigo kwa mama yake, na mama yake aliubeba akitabasamu.

"Usinililie hapa," alisema Mama Dong-sik, ingawa macho yake mwenyewe yalikuwa yamelowa. "Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Umeshainama, sasa uiname vizuri. Kwanza vaa barakoa. Vumbi la vanishi si unga wa ngano."

Alimweleza taratibu. Msasa si wa kuondolea vanishi nene, kwa sababu unaziba mara moja. Kwanza vanishi ikwanguliwe kwa bapa la chuma lenye makali, likivutwa kuelekea kwako, kwa mivuto mifupi mifupi. Misumari iliyochomoza igongwe ndani. Milango yote ifunguliwe na watoto wasisogee karibu. Aliongeza kwamba hii ni vanishi ya juzijuzi. Ingekuwa rangi ya kale, ya enzi za mababu, wasingethubutu kuikwangua kavu, maana rangi za kale huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

"Seong-do anataka kuleta mashine," alisema Myeong-ok.

"Akaitumie melini kwake. Tazama hapa. Mihimili inaenda hivi, vibao vifupi vinaenda hivi. Nyuzi za mbao zinapishana kila hatua. Mashine haijui kugeuka, itakata nyuzi na kuacha mifereji. Mkono wako unajua. Kila ubao ufuate nyuzi zake, usizungushe, usikate katikati."

Siku hiyo na zilizofuata walikwangua pamoja. Mvua ilinyesha uani, nao walikuwa chini ya mapaa, wamepiga magoti juu ya matambara yaliyokunjwa. Vanishi ilitoka kama maganda makavu. Baada yake walifunga msasa kwenye kipande cha ubao ili ukandamize sawasawa. Walianza na msasa mkali kuondoa mabaki, wakafuata wa wastani kuondoa mikwaruzo ya mkali, wakamaliza na laini. Kila walipobadili msasa, walifagia vumbi lote kwanza. Mama Dong-sik alisema punje moja ya msasa mkali ikibaki, itakuchorea mstari hadi mwisho wa ubao.

Myeong-ok aliuliza wanajuaje kama ubao uko tayari. Mama Dong-sik alivua soksi yake nyembamba ya nailoni, akaivaa mkononi na kuupitisha juu ya ubao. Soksi ilinasa mahali pamoja. Hapo palikuwa na kibanzi ambacho jicho halikukiona.

Weusi wa maji ulipungua, lakini haukuisha wote. Myeong-ok alitaka kuendelea kuchimba mpaka uishe. Mama Dong-sik alimzuia. Mbao zina unene wake, alisema, ukifukuza kila doa utabaki na karatasi.

Mama yake, aliyekuwa akipiga simu kila usiku, hakupiga tena, sauti ilikuwa imefifia. Muuguzi ndiye aliyepiga. Alisema mgonjwa anakula kwa shida, na kama familia ina mpango wa kumleta nyumbani, wasichelewe sana.

Kesho yake jua likatoka. Mvua zilikuwa zimekatika.

Mama Dong-sik alikuwa ameenda kwa binti yake mjini siku hiyo. Alikuwa ameacha maagizo: mbao zipanguswe kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, zikauke kabisa, na mafuta yamngoje yeye. Lakini Myeong-ok hakuweza kungoja. Maneno ya muuguzi yalikuwa yakimzunguka kichwani. Aliponda soya zilizolowekwa, akazitia kwenye mfuko wa pamba, akachanganya na mafuta ya mbegu za perila, mmea wa jamii ya mnanaa, yale mabichi yaliyokamuliwa bila kukaangwa. Mama yake alifanya hivyo hivyo. Lakini mama yake alisugua kidogo. Myeong-ok alimimina. Alifikiri mafuta mengi yataingia ndani zaidi na kazi itakuwa ya mara moja. Jua lilipotua, upande mzima wa nyuma wa maru ulikuwa unang'aa kwa mafuta, na yeye akaridhika.

Asubuhi aliweka kiganja. Kikanata. Mafuta yalikuwa yameganda juu kama asali, na mbu wawili wamekufa ndani yake.

Alikaa pale pale sakafuni, akalia kwa sauti. Alikuwa amerudia kosa lile lile. Safari hii hakukuwa na miaka ya kulirekebisha.

Mama Dong-sik aliporudi na kuona, hakumgombeza. Alikunja mikono ya blauzi.

"Mafuta haya hayakauki kama maji," alisema. "Yanashikana na hewa, taratibu. Hewa inaufikia utando mwembamba. Ukipaka nene, juu hufunga ngozi, chini hubaki teketeke. Unapaka kidogo, unasugua, unafuta yote yaliyobaki mpaka kitambaa kitoke kikavu. Ukiona umepaka kama hukupaka, hapo umepaka."

"Mama hatakuwepo yakikauka."

Mama Dong-sik aliitazama maru yote, mwanzo mpaka mwisho, kisha akatazama pembe ya nyuma, penye mlango mdogo unaofunguka upande wa kilima. Upepo wa maru ulipita hapo.

"Dada Mal-sun ni mtu wa kimo gani? Ukimlaza anamaliza vibao vingapi?"

Myeong-ok akaelewa. Hakuhitaji maru yote. Alihitaji mahali pa mtu mmoja kulala.

Waliiacha sehemu nyingine yote. Katika pembe ile ya mlango waliondoa mafuta yaliyonata kwa bapa na vitambaa, wakapitisha msasa laini tena, wakafagia, wakapangusa. Safari hii Mama Dong-sik alishika mkono wa Myeong-ok juu ya mfuko wa soya na kumwonyesha uzito wake. Walisugua kwa kufuata nyuzi, wakangoja kidogo, wakafuta. Vibao vikapata rangi ya chai. Kisha wakafungua milango yote miwili, upepo ukaingia.

Myeong-ok alipoyakusanya matambara na kuyatupa ndani ya ndoo, Mama Dong-sik aliyanyakua mara moja.

"Unataka kuichoma nyumba? Banda langu la kuku liliungua kwa matambara kama haya, na hakuna aliyewasha kiberiti. Mafuta haya yakikauka yanatoa joto. Ukiyarundika, joto linakosa pa kutokea, linawaka lenyewe."

Aliyaanika moja moja juu ya ukuta wa mawe uani, mbali na nyumba. Alisema wasiokuwa na ukuta huyalowesha kwenye kopo la maji na kulifunika.

Siku chache za jua zilifuata, tena za jua kali. Walipaka mara ya pili, nyembamba kuliko ya kwanza. Kila siku Myeong-ok alikwenda hospitali na kurudi, na kila aliporudi alikwenda kugusa mbao kabla ya kunywa maji. Mama yake alikuwa anasinyaa. Mbao zilikuwa zinakauka. Aliviona vyote viwili vikienda, na hakujua kipi kitatangulia.

Asubuhi moja aliweka kiganja, kikatoka kikavu. Alimpigia simu Seong-do akamwambia alete gari.

Seong-do alimbeba mama yake mgongoni kutoka getini, kama yeye alivyobebwa utotoni. Baadaye alisema mama alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa nguo. Walimlaza kwenye pembe ya mlango, kwenye mbao tupu, na kichwani wakamwekea mto wa mianzi. Walimfungua blauzi mgongoni ili ngozi iguse ubao. Upepo wa kilima ulipita.

Bi Mal-sun alifumba macho. Alitoa pumzi ndefu.

"Panapoa," alisema.

Mkono wake ulikuwa ukipapasa ubao, kwenda na kurudi, akifuata nyuzi. Halafu aligeuza kichwa kumtazama Myeong-ok.

"Vanishi yako ilikuwa nzuri. Usije ukadhani haikuwa nzuri."

"Mama, ulikuwa unanata juu yake. Mama Dong-sik ameniambia."

"Mama Dong-sik domo lake refu." Alitabasamu kidogo. "Ilikuwa inang'aa. Nilikuwa nakaa mlangoni naiangalia. Sikuwahi kuwa na kitu kinachong'aa."

Myeong-ok alilia waziwazi, na mama yake akamwacha alie.

Alasiri Bi Mal-sun aliomba mfuko wa soya. Seong-do alidhani anaweweseka. Lakini Mama Dong-sik alikwenda kuuleta, akautia mafuta, akauweka kwenye kiganja cha mgonjwa. Pembeni mwa pale alipolala palikuwa na ubao waliokuwa wameuondolea mafuta na kuupiga msasa, lakini haujapakwa upya. Bi Mal-sun alinyoosha mkono, akasugua. Mafuta yalienda nje ya nyuzi, yakatuama mahali pamoja. Aliweza eneo la viganja viwili tu, kisha mfuko ukamponyoka.

Myeong-ok alichukua kitambaa kikavu ili afute mafuta yaliyozidi, kama alivyofundishwa. Mama Dong-sik akamshika mkono, akakitwaa kitambaa, akakitia mfukoni.

Bi Mal-sun hakurudi hospitali. Muuguzi wa kutembelea wagonjwa alikuja nyumbani na dawa za maumivu. Mchana mgonjwa alilala kwenye maru, usiku chumbani. Alikufa ndani ya juma lile, asubuhi, mvuke wa wali ukitoka jikoni, binti yake akiwa amemshika mguu.

Myeong-ok alimaliza maru kabla ya majani ya miti kuanguka. Alifanya sehemu baada ya sehemu: bapa, msasa mkali, wa wastani, laini, kufagia, kupangusa, mafuta kidogo, kufuta, kungoja. Alizungumza na mama yake akifanya kazi, na wakati mwingine alimgombeza kwa kutosema mambo. Majirani walipita kuuliza habari ya vanishi zao. Aliwaonyesha soksi ya nailoni na namna ya kuanika matambara.

Mwaka ulipozunguka, jamaa walikusanyika kwa sala ya kumbukumbu. Meza ya vyakula vya kumkumbuka marehemu ilitandikwa kwenye maru, na kwa desturi kila mtu angesujudu mbele yake. Ilikuwa siku ya joto, na watoto wa Seong-do walikuwa wamelala chali kwenye mbao tangu mchana, wamekataa kuamka. Mbao zilikuwa laini na kavu. Maji yakimwagika, yalisimama juu yakafutwa. Wageni wazee walivua soksi ili wakanyage kwa miguu mitupu.

Seong-do alikuwa akipanga mikeka ya wageni kusujudia. Karibu na mlango wa nyuma aliona doa, eneo la viganja viwili, jeusi kuliko mbao zote, kingo zake zimepinda. Aliligusa. Lilikuwa limekauka, lakini lilikuwa na makunyanzi. Alikwenda stoo, akarudi na kipande cha msasa laini. Alipiga magoti, akatafuta kwanza nyuzi zinaelekea wapi.

"Dada, hapa hapajakaa sawa. Nipitishe msasa kidogo kabla ya wageni?"

Myeong-ok alikuwa na sinia la samaki mikononi. Alisimama.

"Hapo pameshakwisha," alisema. "Hapo amefanya Mama."

Seong-do aliushusha msasa. Alibaki amepiga magoti hapo hapo, kisha akainama mpaka paji la uso likagusa ubao, kabla ya saa ya sala, kabla ya mtu yeyote kusujudu.